Kununua ThinkPad T480 Jijini Arusha: Nguvu, Bei na Nafasi ya Kuiongezea

Miongoni mwa kompyuta mpakato zilizotumika zinazouzwa katikati ya Jiji la Arusha, kuanzia Mnara wa Saa hadi maduka ya Barabara ya Sokoine na mitaa inayoizunguka, ninayoipendekeza kwa moyo mmoja ni Lenovo ThinkPad T480. Zipo zenye kasi kuizidi, zipo nyepesi kuliko yenyewe, na zipo za bei ya chini zaidi. Sababu ya kuichagua ni kwamba mtu anaweza kuinunua kwa fedha aliyonayo sasa, akaiongezea uwezo fedha nyingine inapopatikana, bila kukopa na bila kulazimika kuanza upya na kompyuta nyingine.

Jambo hilo lina uzito wa pekee hapa kwetu, kwa sababu watu wengi wa Arusha wanaohitaji kompyuta kwa kazi hulipwa kwa msimu. Mwongoza watalii, mpiga picha, mwenye ofisi ndogo ya safari, hata mhasibu anayewahudumia hao wote, hupata fedha kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha tena kidogo mwishoni mwa mwaka, na masika yanapofika Aprili na Mei mifuko huwa mikavu. Ukimshauri mtu wa namna hiyo anunue kwa mkupuo mmoja kompyuta yenye kila kitu atakachohitaji kwa miaka 5 ijayo, unamtaka atoe fedha ambayo hana. Ukimshauri anunue ya bei rahisi isiyoweza kuguswa ndani, atajikuta dukani tena baada ya muda mfupi. Kwa hiyo suala la kuongezewa uwezo, ambalo wauzaji wengi hulitaja mwisho kabisa au hawalitaji, mimi nimelipa nafasi ya kwanza.

Kazi yangu ni kuandaa ratiba na bei za safari, kutunza hesabu za ofisi ndogo ya utalii, na kuchambua picha ambazo waongozaji hurudi nazo kutoka Serengeti na Ngorongoro. Hiyo ndiyo mizani niliyotumia. Mtu anayetengeneza video ndefu au kuchora majengo kwa programu nzito atapima kwa mizani yake.

Nilipokuwa nikitafuta, nilijikuta nikilinganisha mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya kabisa, ikiwa ndani ya boksi lake, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea) ya GB 4 na hifadhi ya GB 128, na bei niliyotajiwa ilikuwa shilingi 650,000. Ya pili ilikuwa ThinkPad T480 iliyotumika, yenye Core i5-8350U, RAM ya GB 8 na SSD (hifadhi ya kudumu isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 256, kwa shilingi 680,000. Ya tatu ilikuwa MacBook Air ya mwaka 2020 yenye prosesa ya M1, RAM ya GB 8 na hifadhi ya GB 256, nayo pia iliyotumika, kwa shilingi 1,500,000. Hizo ni bei nilizotajiwa mimi, na kila duka lina bei yake na nafasi yake ya kupatana, lakini uwiano kati ya mashine hizo tatu ndio unaofaa kuangaliwa.

Mashine mpya ya boksi ndiyo inayowavuta wazazi wengi wanaomnunulia kijana anayeanza chuo, iwe Chuo cha Uhasibu kule Njiro au Chuo cha Ufundi. Naelewa kwa nini. Haina mkwaruzo, ina dhamana ya mwaka mmoja, na mzazi anaona amempa mwanawe kitu kipya. Hata hivyo, N4020 ni prosesa yenye viini viwili tu vya kufanyia kazi, iliyokusudiwa kutumia umeme kidogo kwa kazi ndogo ndogo, na tatizo kubwa zaidi ni kwamba katika mashine hiyo kila kitu kilikuwa kimelehemiwa kwenye bodi. RAM yake ya GB 4 itabaki GB 4 hadi siku ya mwisho. Hifadhi yake si SSD halisi bali ni ile aina ya eMMC, ambayo hata katika toleo lake la 5.1 njia yake haivuki MB 400 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA hufika kama MB 550 na ile ya NVMe ya kizazi cha tatu hufika MB 3,500. Windows 11 inakubali kuwekwa kwenye RAM ya GB 4, kwani hicho ndicho kiwango cha chini kilichotangazwa na Microsoft, ila kukubali kuwekwa na kufanya kazi vizuri ni mambo mawili tofauti. Niliifungulia dukani kivinjari chenye kurasa chache pamoja na faili moja la Excel, ikaanza kusitasita kabla sijaandika chochote. Kwa bei inayokaribiana kabisa na ya T480, siwezi kumshauri mtu aichukue, hata kama dhamana yake ni nzuri.

Sasa nije kwenye T480 yenyewe, na nianze na prosesa, kwa kuwa hicho ndicho kitu ambacho mnunuzi hataweza kukibadilisha baadaye. Katika kompyuta mpakato za miaka hii, prosesa hulehemiwa kwenye bodi. Ukishainunua, umeinunua pamoja na bodi yake, na kuibadilisha maana yake ni kubadilisha bodi nzima kwa gharama inayokaribia bei ya mashine. RAM na SSD zinaweza kusubiri, prosesa haisubiri. Mtu mwenye fedha ya kubana aiweke kwenye prosesa, akubali RAM ndogo kwa miezi ya mwanzo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia, kwa sababu wauzaji hutaja Core i5 na kuishia hapo. Neno hilo peke yake halisemi kitu. Kinachotakiwa ni namba inayofuata: katika 7200U tarakimu ya kwanza inaonyesha kizazi cha saba, katika 8350U inaonyesha kizazi cha nane, na katika 1135G7 tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha kizazi cha kumi na moja. Kati ya kizazi cha saba na cha nane kuna tofauti kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana Core i5 za daraja la U katika kizazi cha saba zilikuwa na viini viwili, na zilipofika kizazi cha nane, mwaka 2017, zikawa na viini vinne kwa kiwango kile kile cha umeme cha wati 15. Isitoshe, orodha ya Microsoft ya prosesa za Intel zinazokubalika kwa Windows 11 inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi hicho hicho cha nane, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Anayenunua leo mashine ya kizazi cha sita au cha saba kwa kuvutiwa na punguzo la shilingi laki moja au mbili ananunua kompyuta ambayo aidha itakaa kwenye mfumo usiopata tena masasisho ya usalama kwa utaratibu wa kawaida, au itawekewa Windows 11 kwa njia za mlango wa nyuma.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa ThinkPad, kwa kuwa T470 na T480 zinafanana kwa sura kiasi cha kumchanganya hata anayezijua. Umbo ni lile lile, kibodi ni ile ile, unene ni ule ule. Niliziona zimewekwa bega kwa bega kwenye rafu moja, na kilichozitofautisha kwa macho kilikuwa maandishi madogo ya modeli pembeni mwa skrini. Muuzaji aliniambia, kwa uchangamfu kabisa, "Dada, chukua yoyote, hizi ni zile zile." Ndani yake, kwa kawaida, zinatofautiana kwa viini viwili vya prosesa na miaka kadhaa ya masasisho.

Kuhusu kazi za kila siku, T480 yenye RAM ya GB 8 ilinitosha kwa ratiba, barua pepe na hesabu za kawaida. Ilianza kulemewa pale nilipofungua kwa pamoja kivinjari chenye kurasa nyingi za hoteli na kambi, WhatsApp ya kwenye kompyuta, faili kubwa la Excel lenye bei za msimu mzima, na nyaraka za PDF za viingilio vya hifadhi. Haikuganda, lakini kuhama kutoka dirisha moja hadi jingine kulikuwa na kusubiri, na mtu anayejibu wateja wa nje kwa haraka huona kusubiri huko kuwa kero. Baada ya kuongeza kipande cha pili cha GB 8, kero hiyo iliondoka. Sababu yake ni mbili. Ya wazi ni kwamba nafasi imeongezeka. Ya pili, isiyosemwa sana, ni kwamba vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi kwa njia mbili sambamba, na picha za mashine hii zinazalishwa na prosesa yenyewe kwa kutumia RAM hiyo hiyo, hivyo hata skrini inapata nafuu. Ndiyo maana nashauri kununua mashine yenye kipande kimoja cha GB 8 na sloti ya pili tupu, kuliko yenye vipande viwili vya GB 4, ambavyo siku ya kuongeza utalazimika kuvitoa vyote na kutafuta mtu wa kuvinunua.

Katika picha nazo, T480 ina mpaka wake. Kuchambua, kukata na kurekebisha mwanga wa picha moja moja hakuna shida. Kutoa picha mia kadhaa za RAW (faili ghafi za kamera) kwa pamoja kunachukua muda, feni inapiga kelele, na upande wa chini unapata joto la kutosha kumfanya mtu aiondoe mapajani. Nina amani na hilo, kwa kuwa kazi ya namna hiyo naifanya mara chache. Anayeifanya kila siku asome mpaka nitakapozungumzia MacBook.

Kuifungua ni jambo la kuelezwa kwa kituo, kwa sababu woga wa kufungua ndio unaowafanya watu walipe fundi kwa kazi ambayo wangeifanya wenyewe. Kabla ya bisibisi, unaingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa kubonyeza F1 wakati mashine inawaka, na kwenye sehemu ya mipangilio ya umeme kuna chaguo la kuzima betri ya ndani. Ukilichagua, mashine inazimika yenyewe na betri hiyo inakaa kimya mpaka utakapochomeka chaja tena. Kisha unaigeuza, unasogeza vibanio viwili na kuchomoa betri ya nje. Skrubu za mfuniko wa chini ni sita, na zimetengenezwa zisidondoke: unazilegeza tu, zinabaki zimeshikwa na mfuniko, kwa hiyo hakuna skrubu ya kupotelea chini ya meza. Kadi ya plastiki iliyokwisha muda inatosha kupitisha ukingoni hadi vishikizo vilegee kimoja kimoja. Ndani, sloti mbili za RAM zinaonekana bila kuhamisha kitu kingine chochote. Kipande kipya huingizwa kikiwa kimeinama kidogo, kikikaa sawa kwenye pengo lake, halafu hulazwa mpaka vibanio vya pembeni vilie. Baada ya kufunga na kuchomeka chaja, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda kidogo mara ya kwanza inapowaka, maana mashine inaitambua kumbukumbu mpya, na mtu asikimbilie kuizima.

RAM inayotakiwa ni DDR4 ya kompyuta mpakato. DDR3 haiingii na DDR5 haiingii, pengo la kila aina liko mahali pake, na asiyeulizia vizuri dukani atarudishwa nyumbani na kipande kisichomfaa. Bei niliyolipa ilikuwa shilingi 70,000 kwa kipande kilichotumika lakini kilichopimwa mbele yangu. SSD ya GB 512 niliinunua baadaye kwa shilingi 130,000, na ile ya GB 256 iliyotoka nimeiwekea kasha la USB, sasa ndiyo inayotunza nakala za picha. Ukijumlisha mashine, RAM na SSD unapata shilingi 880,000, lakini fedha hiyo haikutoka kwa siku moja. Sehemu kubwa ilitoka mwanzoni mwa msimu, na nyongeza zikafuata wageni walipokwisha kulipa.

Betri ndiyo sifa nyingine ya T480 ambayo kwa mazingira yetu naiona ya thamani kubwa. Inazo mbili: moja ndogo ya ndani ya Wh (wati-saa) 24, na nyingine ya nje inayochomolewa, ambayo hupatikana kwa ukubwa tofauti hadi Wh 72. Ile ya ndani huishikilia mashine ikiwa hai wakati unabadilisha ya nje, kwa hiyo hakuna haja ya kufunga kazi. TANESCO wakikata umeme katikati ya hesabu, au mwongozaji akiwa kambini ambako jenereta huwashwa kwa saa maalumu, mtu mwenye betri ya pili kwenye begi anaendelea. Tahadhari ni kwamba betri za kuiga ni nyingi sokoni, baadhi huvimba na kusukuma mfuniko, na tofauti ya bei kati yake na halisi isimshawishi mtu. Betri kubwa pia inaongeza uzito na kuinua sehemu ya nyuma ya mashine, jambo ambalo wengine hawalipendi na mimi nimelizoea.

Udhaifu upo na ni haki usemwe. Skrini ni hafifu. Hata ile bora ya kawaida, yenye ubora wa 1920 kwa 1080, ina mwangaza wa niti 250 tu, ambao ndani ya ofisi unatosha lakini kwenye baraza la mchana wa Arusha unamfanya mtu akunje uso. Mbaya zaidi, T480 nyingine zilitoka kiwandani na skrini ya 1366 kwa 768, ya rangi zilizofifia, na hizo zimejaa madukani kwa bei inayokaribia sawa na nzuri. Anayefanya kazi ya picha asiichukue ya namna hiyo kabisa. Kamera yake ya mikutano nayo ni duni. Kisha kuna suala la matundu ya USB-C, ambayo ndiyo pia njia ya kuchajia: programu ya ndani ya kidhibiti cha Thunderbolt (teknolojia inayotumia tundu la USB-C) katika ThinkPad kadhaa za kipindi hicho ilikuwa na kasoro iliyoweza kuyafanya matundu hayo yagome, na Lenovo ikatoa sasisho la kuirekebisha mwaka 2019. Mashine iliyokaa ghalani kwa muda mrefu inaweza kuwa haijawahi kulipata, kwa hiyo hiyo iwe kazi ya kwanza baada ya kufika nyumbani, na kabla ya kulipa uchomeke chaja kwenye kila tundu uone kama linachaji.

MacBook Air ya M1 nayo naiheshimu. Kwa kasi ya kazi za picha inaiacha T480 mbali, haina feni hata moja, ina uzito wa kilo 1.29, na chaji yake moja inakaa siku nzima ya kazi bila wasiwasi. Mpiga picha ambaye anatoa albamu kila wiki na anaishi kwa kazi hiyo, akiwa na shilingi milioni moja na nusu mkononi, namshauri aichukue. Atapata muda, na muda wake ndio fedha yake. Lakini aelewe anachokubali: RAM na hifadhi vimelehemiwa, hivyo GB 8 na GB 256 alizonunua ndizo atakazokaa nazo, na bodi ikifa, picha zisizo na nakala mahali pengine zinakufa nayo. Kwa mtu wa RAW, GB 256 zinajaa haraka sana, na atalazimika kutembea na diski ya nje daima. Kwa mashine iliyotumika kuna pia kifungo, yaani kufuli, cha akaunti ya mmiliki wa zamani. Ikiwa hakijaondolewa, kompyuta hiyo haitamtii mnunuzi hata kama ameilipia kihalali. Mimi ningemwomba muuzaji aifute yote mbele yangu na kuianzisha upya hadi mwisho kabla ya fedha kubadilisha mikono.

Wapo wanaodhani kwamba ukiongeza fedha na kununua ThinkPad ya mwaka unaofuata utapata vilevile na zaidi. Haikuwa hivyo. T490 ya mwaka 2019 ina RAM iliyolehemiwa upande mmoja na sloti moja tu, na betri ya nje imeondolewa. T14 ya kwanza ya mwaka 2020 ikafuata njia hiyo hiyo. Watengenezaji wana sababu zao, kwa kuwa RAM iliyolehemiwa hupunguza unene, na zile za aina ya LPDDR hutumia umeme kidogo na kwenda kwa kasi zaidi, lakini faida hiyo anailipia mnunuzi wa pili na wa tatu, ambao ndio sisi. Asiyepata T480 nzuri asihangaike: Dell Latitude 5490 na HP EliteBook 840 G5, zote za mwaka 2018 na nyingi zikiwa za kizazi kile kile cha prosesa, zina sloti mbili za RAM na nafasi ya kubadilisha SSD. Zinakosa betri ya kuchomoa tu, na EliteBook ina umbo la kupendeza zaidi.

Huduma ya maduka yenyewe inatofautiana sana. Duka nililonunua, lililo jirani na Barabara ya Goliondoi, liliniruhusu kukaa na mashine kwa utulivu na kuipima nilivyotaka, na fundi wao aliifungua bila kuulizwa mara mbili. Duka jingine, ambalo sitalitaja, lilikataa mashine ifunguliwe kwa madai kwamba itaharibu dhamana ambayo wao wenyewe walikuwa wameitoa kwa mdomo, na kibandiko cha mashine hiyo kilisema SSD 500 wakati ndani kulikuwa na diski ya zamani ya kuzunguka yenye GB 500. Niligundua bila bisibisi. Kwenye Windows, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na kwenda sehemu ya utendaji, mashine inakuambia yenyewe aina ya diski, jina kamili la prosesa, na idadi ya sloti za RAM zilizotumika. Mahali pa umbo la RAM, neno SODIMM linaonyesha kipande cha kuchomeka, na maneno "Row of chips" yanaonyesha iliyolehemiwa. Muuzaji anaweza kusema lolote, ukurasa huo haubishani naye.

Betri nayo ina ushahidi wake. Amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa, na ikiwa wa sasa uko chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei unayopatana. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha afya ya SSD na saa ilizokwisha kufanya kazi. BIOS ifunguliwe pia, kwa kuwa baadhi ya mashine hutoka kwenye makampuni ya Ulaya zikiwa bado na nenosiri la msimamizi, na katika ThinkPad nenosiri hilo haliondoki kwa kuchomoa betri ya bodi. Kibodi iangaliwe kwa vidole na si kwa macho tu, maana zilizotoka Ujerumani zina Y mahali pa Z, na vibandiko vilivyobandikwa juu yake huficha hilo kwa muda kabla havijaanza kuchubuka.

Mwisho ni karatasi. Dai risiti ya EFD, na kwenye risiti au kwenye hati ya duka yaandikwe modeli kamili, namba ya mashine iliyo kwenye mfuniko wa chini, jina la prosesa, kiasi cha RAM na aina ya SSD, pamoja na muda wa dhamana na vitu vinavyohusika nayo. Uliza waziwazi kama kuongeza RAM mwenyewe kutaiondoa dhamana hiyo, na jibu liandikwe hapo hapo. Duka langu lilinipa miezi 3 kwa bodi na skrini, siku 14 kwa betri na chaja, na likaandika kwa mkono kwamba mteja anaruhusiwa kubadilisha RAM na SSD, sahihi ya muuzaji ikiwa chini yake.